Kulwa, Ulitangulia

Kulwa,
ulinitangulia kwa dakika kumi na moja,
kisha ukanitangulia kwa kikombe.

Kikombe chenyewe ninacho. Cha bati, cheupe,
ukingo umebanduka, mweusi kama jino bovu.
Nesi Edvina alikikinga bombani,
Bugando, wodi ya njiti, saa tisa usiku,
padri yuko mbali, pumzi yako iko mlangoni.
La Baba. La Mwana. Tone la tatu lilipokugusa,
mama anasema, ulifumba ngumi.
Alfajiri wakakufunga kwa nusu ya khanga.
Nusu nyingine nilifunikwa mimi.

Baba akasimama kati yangu na nesi:
"Yule mmemmwagia, amekufa.
Huyu asiguswe na maji yenu."
Sikuguswa miaka thelathini na minne.

Nimekulia Igombe, nikianika dagaa,
na maji nimeyajua:
ya kuchuja kwa kitambaa kabla ya kunywa,
ya masika yanayoingia ndani bila hodi,
yaliyomrudisha Ndaki wa jirani siku ya nne,
amevimba, kiatu kimoja mguuni.
Sikudhani kuna maji yanayomjua Mungu.

Darasani Mchungaji Luhende huuliza,
"Maji yanaokoa?"
Nasi kwa pamoja, kama watoto wa shule:
"Hapana! Neema!"
Siku moja nikanyoosha mkono.
Sasa tunalowana ya nini?
Wenzangu wakacheka. Yeye akavua miwani,
akaifuta kwa tai, muda mrefu.
"Mwizi wa msalabani," akasema,
"hakupata hata tone, na aliingia siku ileile."
Akanyamaza. Bati la paa likalia kwa jua.
"Lakini wewe, Doto, hujatundikwa.
Una miguu. Ziwa lile pale."

Nililala na jibu hilo likinichoma ubavuni.
Kama maji si kitu, nesi alikupa nini?
Na kama ni kitu,
pumzi ingekatika upande wangu wa kitanda,
ningekuwa wapi leo?
Mapacha wawili, kikombe kimoja:
Mungu gani huyo wa kupimwa kwa bomba la hospitali?
Sikulijibu. Nilishona gauni.

Jumapili vijana walisukuma magugumaji kwa makasia.
Tulikuwa tisa, weupe, tumeshikana mikono,
tukapita chini ya kibao cha bwana afya:
TAHADHARI. KICHOCHO. USIOGE HAPA.
Mama alibaki mchangani, kikombe kwapani.

Mchungaji akanishika kisogo.
"Umezikwa pamoja naye."
Hapo ndipo nilipomwelewa baba.
Hakukosea, Kulwa! Hata kidogo.
Aliyaona maji yale akajua ni kaburi,
akajua kabla yetu sote tuliokaa darasani na madaftari;
habari ilimfikia nusu tu.
Alienda nayo hiyo nusu mpaka mwisho wake.

Chini kulikuwa kijani. Tope vidoleni. Kimya.
Moyo ukadunda masikioni,
nikadhani ni wako:
maana kabla ya zile dakika kumi na moja
tuliwahi kulala majini sote wawili,
bila jina, bila ngumi,
na aliyetujua alitujua humo.

Sijui nilikaa muda gani. Wanasema kufumba na kufumbua.
Mkono ukanivuta, hewa ikaniingia kwa nguvu,
nikakohoa kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi,
nikakohoa mpaka wanakwaya wakakosa mahali pa kuanzia.

Wewe, tumbo na maji na kaburi
ulivimaliza kwa usiku mmoja.
Mimi mwanafunzi mzito. Niongoze polepole.

Jumatatu nilikwenda zahanati.
"Umeoga ziwani?" akauliza tabibu, bila kuinua macho.
Nikasema, nimezikwa humo.
Akaandika: vidonge vinne.
Nilivimeza nyumbani, mama akinitazama,
kwa kikombe chetu.